Mpaka Serikali Iruhusu Bangi

Jumamosi, baada ya alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika lakini nguo zangu kwenye kamba bado zatona maji. Mgongo wauma. Moyo nao wauma, ila mgongo ndio ninaoweza kuutaja mbele za watu.

Rukia, mjukuu wangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Asema hii yaitwa shajara, mtu huandika ya moyoni na wengine wakasoma. Nikamwambia ya moyoni hayasomwi na wapita ndia. Akacheka, akaniachia simu. Basi tangu Ramadhani naandika kwa kidole kimoja, polepole, na atakayeona makosa anyamaze. Chuoni nilihitimu Kurani, skuli nikaishia darasa la tatu. Yatosha. Wako waliosoma mpaka ng'ambo na kusalimia hawajui.

Leo sitaandika habari za bei ya samaki wala za jirani amwagaye maji machafu mlangoni. Yeye ajijua.

Nina hamu na mwanangu.

Jina lake Lali, ndiye kitinda mimba wangu. Yuko Mokowe, hapo ng'ambo tu, atengeneza mashine za boti. Mokowe si Maka wala si Ulaya. Boti zaenda na kurudi kutwa, hata kuku wavushwa wakarudi kama hawakununuliwa. Na miaka tisa sasa Lali hajaingia nyumba hii ya Amu, mji mnaouita Lamu, aliyozaliwa.

Sababu ni mimi. Miaka yote hii nimekuwa nikisema sababu ni bangi.

Lali alikuwa fundi wa chokaa, wa kutengeneza hizi nyumba kongwe za mawe. Siku moja jukwaa lilikatika akaanguka, akavunjika nyonga. Akalazwa, akafungwa plasta, akarudi nyumbani na mkongojo. Vidonge alivyopewa vilikwisha. Nilimkanda kwa mafuta ya moto, nikamwekea habasoda, Maalim Athman akaja akamsomea. Nilidhani amepona kwa sababu aliacha kulia. Sikujua mtu mzima aweza kuumwa kimya.

Kisha alasiri moja nikapanda darini kuanua nguo, nikaisikia harufu. Harufu ile kila mtu wa Amu aijua, na asemaye haijui, huyo ndiye auzaye.

Nataka kujitetea kidogo, ukurasa ni wangu. Kulikuwa na Shee, mwana wa jirani yangu Bi Amina. Shee na Lali walikula sinia moja tangu wadogo. Shee alianza bangi hata ndevu hajaota, na leo atembea ukingoni mwa bahari akizungumza na kuta, viatu mkononi. Wengine wasema ni bangi, wengine wasema ilichanganywa na vitu vingine, wengine wasema ni jini. Mimi nilichokiona ni mama yake kuzeeka ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo siku ile darini sikumwona Lali na mkongojo wake. Nilimwona Shee.

Huo ndio utetezi. Lakini ningeweza kugombeza mle mle ndani, mlango umefungwa.

Nilimpokonya msokoto mkononi nikashuka nao mpaka dakani. Asiyezijua nyumba zetu nimwambie, daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni, una viti vya mawe huku na huku, wanaume hukaa hapo wakingoja wakati wa sala. Siku hiyo walikuwapo wengi, na Maalim Athman kati yao. Nyuma yangu namsikia Lali ashuka ngazi: mguu, mkongojo, mguu, mkongojo. Sikumngoja afike. Niliinua ule msokoto juu kama mtu aliyeua nyoka, nikasema, "Tazameni! Haya ndiyo niliyoyazaa!" Na alipotokeza nikamwapia mbele ya wote: "Wallahi, Lali, huingii tena mlango huu mpaka serikali iruhusu bangi nti hii!"

Ilikuwa namna ya kusema abadani. Wengine husema mpaka punda aote pembe. Mimi nilitaka neno langu mwenyewe, la kumchoma yeye, na nikalipata. Nilijiona nimesema.

Lali alinitazama. Akasema, "Haya, mama." Akatoka.

Wanaume wakanisifu. Wakasema wanawake wote wangekuwa kama mimi, mji huu ungetakasika. Habari ikaenea mpaka Siyu, kwenye arusi wanawake wakawa wanionyesha kwa kidevu: yule ndiye aliyemtoa mwanawe. Kwenye darsa nikatolewa mfano. Nikapenda. Naona haya kuandika hivi, lakini nilipenda.

Na yeye, kila Idi alikuja. Baada ya sala, kanzu na kofia, anabisha hodi, kisha akaa dakani. Hata kidole cha mguu hakivuki kizingiti. Hakutaka kiapo cha mama yake kivunjwe na mguu wake. Mimi nampelekea Rukia na sinia, nami nasimama nyuma ya mlango. Lali ala, kisha asema kwa sauti, "Rukia, mwambie aliyepika, leo chumvi imekaa." Nami nasema kwa sauti zaidi, "Rukia, mwambie alaye, asiache nyama mfupani, si mgeni." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, Idi mbili kwa mwaka. Kupitia ufa wa mlango naliona sikio moja na bega. Miaka tisa mwanangu amekuwa sikio na bega. Rukia aniambia ndevu zimeingia mvi. Mimi sijaziona.

Idi iliyopita hakuja. Sinia lilikaa mpaka sisimizi wakalipata.

Sasa nije kwenye hii kelele ya mwaka huu. Redio haina jingine. Wako watakao bangi iruhusiwe kwa dawa, wako watakao iruhusiwe hata kwa starehe, wako waliokwenda mahakamani, wako wasemao tutaangamia. Hapa dakani kwangu wanaume wabishana kila siku, shavu limevimba miraa, wasema majani yatawaharibu vijana. Juzi niliwatolea kichwa nikawaambia, "Nyinyi mdomo umejaa majani mwamtukana mwenye majani? Temeni kwanza." Wakacheka. Hawakutema.

Mbele yao mimi nailaani bangi kama kawaida. Lakini tangu nisikie habari hii, redio haiondoki sikioni mwangu. Na sasa niseme lile ambalo hata Rukia sijamwambia, atalisoma hapa.

Nimekuwa nikiomba ipite.

Katika sijida, mimi, ambaye hata dawa ya kikohozi nauliza kama ina ulevi, nimemwomba Mwenyezi Mungu awatie wabunge moyoni waruhusu bangi. Si kwa sababu naipenda. Ikiruhusiwa, kiapo changu kimefika mwisho wake, Lali aingia ndani, na mimi sijasema nimekosa. Miezi yote hii nimeing'ang'ania serikali inifungulie mlango nilioufunga mwenyewe, nibaki na heshima yangu.

Jumatano Rukia akaniletea chai na uso umemshuka. Akasema, "Bibi, mjomba Lali amepata kazi ya kuangalia majenereta huko Turkana. Jumatatu anaondoka."

"Turkana!" nikasema. "Huko hakuna hata bahari."

"Kuna ziwa, bibi."

"Ziwa si bahari. Na atarudi lini?"

Rukia akanisogezea kikombe. Chai ikapoa nikiitazama. Mokowe nilizoea. Nikisimama darini naziona paa zake, najua yuko pale, na hilo nilikuwa nalila kama chakula. Turkana ni upande gani wa kutazama?

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mkutano ukumbini, wa kukusanya maoni ya wananchi juu ya hii bangi. Walikuwa wameniomba zamani niseme. Mwenyekiti wao ni kijana wa bara, tai shingoni, mpole. Akanipokea, "Karibu, shosho," ndivyo waitavyo bibi huko kwao. Nikamwambia mimi si shosho, mimi ni Bi Mwanaidi. Akaniomba radhi akanitafutia kiti chenye mto. Sina la kumlaumu.

Kijana mmoja wa rasta alisema ile ni ibada yao na ni mmea wa Muumba. Nywele zake sikuzipenda, lakini alizungumza kwa adabu kuliko wengi wenye kofia. Mfanyabiashara mmoja akasema watalii wataongezeka, akazomewa. Bi Amina akasimama. Hakusema mengi. Alisema, "Mwanangu yuko hapo nje. Mtazameni mkitoka, kisha ndipo mseme ni starehe." Wengi wakageuka kutazama mlangoni.

Kisha akasimama muuguzi, mwanamke wa bara aliyekaa Amu miaka mingi, ahudumia wagonjwa wa saratani na wenye maumivu yasiyoisha. Akasema hakuja kutetea uvutaji, na kwamba bongo za vijana zaharibika, Bi Amina asema kweli. Lakini akasema ziko nti ambako dawa hutolewa humo, kwa kipimo, kwa mkono wa daktari, kwa wenye kifafa na wenye maumivu makali. Akasema amewaona watu hapa hapa wajitibu kwa kujificha, kwa sababu maumivu hayangoji sheria. "Mkimkuta mtu wa namna hiyo kwenu," akasema, "kabla ya kumfukuza, muulizeni anaumwa wapi."

Hakunijua. Hakunitazama. Lakini mimi nilihisi kama amenishika ukosi.

Siku ile darini Lali nilimuuliza ameipata wapi. Nilimuuliza nani amempa. Nilimuuliza kama ataka kuniua. Anaumwa wapi sikumuuliza. Ile nyonga niliikanda kwa mikono yangu hii na sikumuuliza.

Mwenyekiti akasema, "Sasa tumsikilize mama aliyesimama imara, hata kwa mwanawe mwenyewe." Makofi. Nikasimama. Nilikuwa na maneno tayari, ya moto na ya kiama, nimeyapanga wiki mbili. Yakaniruka yote. Nilijisikia nikiuliza, "Hiyo sheria, ikipita, itapita lini?"

"Bado, Bi. Haya ni maoni tu. Yaweza kuchukua miaka."

"Haiwezi kupita kabla ya Jumatatu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani naikejeli serikali. Mwanamume nyuma akapiga kelele, "Bi Mwanaidi, hakuna kama wewe!" Wakapiga makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Nikakaa. Nikavuta mtandio usoni kama mtu apanguzaye jasho.

Ambaye hakucheka ni Maalim Athman. Amezeeka sasa, hata dakani haji tena. Aliningoja nje kwenye ngazi.

"Mwanaidi," akasema, "wangoja bunge?"

"Niliapa, Maalim. Na wewe ulisikia."

"Nilisikia. Miaka tisa nangoja uje uniulize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani awezaye kukuambia kitu wewe?"

Nikakaa kwenye ngazi kando yake. Akanikumbusha kwa upole lile ambalo hata watoto wa chuoni walijua: mtu akiapa, kisha akaona lililo bora zaidi, hufanya lililo bora akatoa kafara ya kiapo chake. Alishe maskini kumi. Asiyeweza, afunge siku tatu. Na kiapo cha kukata udugu hakuna thawabu ya kukishika.

Nilijua. Nataka niandike hili waziwazi, asije mtu akanionea huruma kwamba ni mwanamke hakusoma. Nililihifadhi kwa moyo nikiwa na miaka tisa, na Maalim wetu wa wakati huo alikuwa na bakora. Ila nilijiambia changu si kama vya wengine, kwamba changu nimekiwekea mwisho wake, kwa hiyo lazima ule mwisho ufike. Nafsi ikitaka kitu haikosi hoja.

"Na watu watasema nini?" nikamuuliza.

"Watasema wali ulikuwa mtamu."

Ijumaa sikufanya lolote. Nilizunguka nyumba. Nilimgombeza Rukia kwa sufuria ambayo ilikuwa safi. Ningeweza kugawa chakula kimya kimya, kilichofunikwa, nyumba hadi nyumba, hakuna ajuaye. Maalim alisema yatosha hivyo. Lakini niliona kiapo nilichokitangaza dakani nikikilipa kwa kificho nitakuwa nimeongeza aibu juu ya aibu.

Leo adhuhuri nilitandika mikeka dakani. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, kachumbari, na ndizi mbivu. Nilipika mwenyewe, Rukia nikamruhusu kukuna nazi tu. Wakaja kumi: wajane wawili, wapagazi wa bandarini, mzee kipofu wa msikitini na mkewe, mama mmoja na mwanawe. Na Bi Amina aliyemleta Shee kwa mkono, kwa sababu nilimwomba. Nilidhani atakataa. Aliniambia, "Mwanangu ni maskini, Mwanaidi, na ana njaa. Nikatae kwa nini?"

Mpagazi mmoja akauliza kuna khitma ya nani. Wale wanaume wa miraa wamesimama pembeni, masikio wazi.

Nikasema, "Si khitma. Ni kafara. Niliapa vibaya juu ya mwanangu."

Nililisema kwa sauti. Mmoja wa wale wa pembeni akaanza, "Kumbe ule msimamo wote..." Nikamwambia, "Wewe si maskini wala hukualikwa. Pita." Akapita.

Shee alikula sahani mbili. Alipomaliza aliosha mikono vizuri, kama alivyofundishwa utotoni. Kisha yeye ambaye huzungumza na kuta akanitazama mimi machoni akasema, "Lali hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Sikuwa najua kama hajambo.

Masinia yakaondolewa, nikamwambia Rukia apige simu. Nikaishika kwa mikono miwili. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mashine ya boti yanguruma.

"Lali."

Mashine ikazimwa.

"Mama?"

"Kesho njoo ule."

Akasema, "Haya. Nitakaa dakani, nisikuchafulie kiapo."

"Kiapo kimelipwa. Uingie."

Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa chini. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza nyumba ya wenyewe, "Niingie mpaka wapi, mama?"

Simu nikampa Rukia. Mdomo huu, ambao haujashindwa na diwani wala chifu, ulishindwa. Namsikia Rukia amwambia, "Mpaka jikoni, mjomba. Mpaka darini. Bibi analia, usimwambie nimekwambia."

Atakuja na boti ya saa nne asubuhi. Jumatatu aondoka. Miaka tisa nimeila, nimebakishiwa siku moja, na hakuna wa kumlaumu. Nikihesabu saa nitaanza kupiga ukelele, basi sihesabu.

Kuhusu ile sheria, kwa kuwa mwenyekiti aliniomba maoni nami nikamchekesha tu: waniandike hivi. Kwa wagonjwa, kwa kipimo, kwa mkono wa daktari, mimi Mwanaidi nasema waruhusu. Kwa vijana kukaa nayo ukingoni kutwa, nasema la, na atakaye kubishana nami aende kwanza akamsalimie Shee. Nitarudi ukumbini nikaseme hivyo, na safari hii asicheke mtu.

Kama Lali bado avuta, sijui. Rukia ajua, namwona usoni. Sitamuuliza, na kesho nikimsikia mwanangu ana ile harufu kwenye kanzu, Mungu anipe nguvu ya kumkaribisha chakula.

Nataka kumuuliza jambo moja tu. Lali, bado waumwa? Nimelifanyia mazoezi tangu simu ilipokatwa, nikiosha vyombo, nikifagia daka. Kila nikilisema latoka kama karipio. Rukia, aliye mlangoni anisikiliza, asema, "Polepole, bibi. Kama wamuuliza mtoto."

Nitalijaribu tena baada ya magharibi. Tena na tena, mpaka litoke sawa.